Vali ya Shangazi

Kwa miezi minane shangazi yangu hakulala chali. Alilala ameketi, mito minne mgongoni, dirisha la chumba chake cha Muheza likiwa wazi hata mvua ikinyesha, kwa sababu kila alipojinyoosha pumzi ilikata. Shuleni, alikofundisha Kiswahili darasa la tano, alianza kufundisha amekaa. Baadaye akawa anamwita mwanafunzi mmoja aandike ubaoni kwa niaba yake. Walimu wenzake walidhani ni pumu. Jirani mmoja alisema ni jini la baharini. Daktari wa Bombo, hospitali ya mkoa pale Tanga mjini, alimsikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko kawaida, akamgeuza, akasikiliza mgongo, kisha akaandika barua ya Muhimbili siku hiyohiyo.

Muhimbili walimpima eko, kipimo kinachochora moyo kwa mawimbi ya sauti. Kwenye skrini nilikiona kitu kikifunguka na kujifunga kama mdomo wa samaki aliyetolewa majini. Daktari alisema ile ni vali ya upande wa kushoto, yaani mlango kati ya chumba cha juu cha moyo na cha chini, na mlango huo umekakamaa. Damu inayotoka mapafuni inakuta njia imebanwa, inarudi nyuma, mapafu yanalowa. Kisha akauliza swali lililotushangaza: utotoni aliwahi kuumwa koo, baadaye viungo vikavimba?

Shangazi alicheka. Nani Muheza hakuumwa koo? Lakini aliyakumbuka magoti. Alipokuwa darasa la nne alikaa nyumbani mwezi mzima, magoti yamevimba na ya moto, bibi akimkanda kwa majani ya mbaazi.

Yale magoti ndiyo yaliyompeleka India. Kuna kijidudu cha koo, bakteria wa kawaida kabisa, ambacho kisipotibiwa huweza kuuchanganya mwili wa mtoto. Kinga ya mwili, ikiwinda kijidudu, huanza kushambulia viungo na moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo hupona. Vali za moyo hubaki na makovu, na makovu huendelea kukaza kimyakimya kwa miaka ishirini, thelathini. Penisilini ya bei ndogo, ikitolewa mapema, huzuia yote hayo.

Mwaka 2012 ulikuwa unakwisha. Muhimbili ilikuwa imeanza upasuaji wa kufungua moyo mwaka 2008, lakini nafasi zilikuwa chache na foleni ndefu, na kesi ngumu bado zilivushwa bahari. Katika mazungumzo ya Kitanzania "kupelekwa India" kulikuwa na sura mbili. Ya kwanza ni ya wakubwa: Mark Mwandosya na Harrison Mwakyembe, wote wakiwa serikalini, walitibiwa huko mwaka 2011 na magazeti yakafuatilia afya zao wiki baada ya wiki. Ya pili ni ya bakuli: mwigizaji Juma Kilowoko, aliyejulikana zaidi kama Sajuki, alichangiwa na mashabiki ili aende kutibiwa, na Januari 2013 akafariki. Mwalimu wa shule ya msingi hakuwa waziri wala nyota wa filamu. Kwake ilibaki njia ya tatu, ile isiyoandikwa magazetini: rufaa ya serikali.

Kadi yake ya Bima ya Afya ya Taifa, ambayo watumishi wa umma walianza kukatwa mishahara kuichangia mwaka 2001, ilimfikisha hadi Muhimbili. Kutoka hapo jopo la madaktari bingwa lilithibitisha kwamba anahitaji upasuaji ambao haungeweza kusubiri, Wizara ya Afya ikaidhinisha, hospitali ya India ikaandikiwa kwamba malipo yatatoka serikalini, na Ubalozi wa India ukatoa viza ya matibabu kwa mgonjwa na nyingine kwa msindikizaji. Msindikizaji nilikuwa mimi, kwa kuwa sikuwa na mke wala mifugo. Hospitali ingelipwa na serikali. Chumba changu, chakula changu na nauli za mjini vilikuwa juu ya ukoo. Kikao kikafanyika, ng'ombe wawili wakauzwa, na daftari la michango likazunguka hadi Korogwe.

Tuliondoka Dar es Salaam Januari 2013, kaskazi ikiwa imepamba moto. Mabaharia wa zamani wa Tanga na Pangani wangetucheka. Kaskazi huleta majahazi kutoka Bara Hindi. Anayetaka kwenda huko husubiri kusi. Sisi tulikwenda mbisho, futi zaidi ya elfu thelathini juu, tukabadili ndege Dubai kwenda Chennai. Shangazi alisukumwa kwa kiti cha magurudumu, bahasha ya kaki yenye picha na vipimo vyake mapajani. Hakukubali kuipakia kwenye mizigo. Ukumbini nilihesabu bahasha nyingine tatu za namna hiyo, na mtoto mmoja wa miaka kama minne aliyekuwa na kucha za bluu.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa Kihindi. Nimekulia kwenye mabanda ya video yaliyoonyesha filamu za Kihindi, na nilijua kwamba daktari ni daktari, dawa ni dawa, chai ni chai, na hata bima ni bima. Chennai ilinivua ujuzi huo asubuhi ya kwanza. Mji ule ni wa Watamili, na Kitamili si Kihindi. Niliingia duka la dawa nikasema "dawa" kwa lafudhi ya sinema. Muuzaji akanitazama kama aliyesikia Kichina. Kwao dawa ni *marundhu*. Hata bajaji, ambayo jina lake tumelichukua kwa kiwanda cha Kihindi, wao huiita *auto*. Kilichokuwa sawa na kwetu ni adabu. Dereva anaitwa *anna*, kaka mkubwa. Mwanamke wa makamo ni *akka*, dada mkubwa. Shangazi, mwenye mvi zake chache, akawa *amma* tangu mlangoni.

Ni mji uliozoea wagonjwa wa kuja. Hospitali za Apollo zilianzia hapo mwaka 1983, na mwanzilishi wake, Daktari Prathap Reddy, husimulia kwamba wazo lilimjia baada ya mgonjwa wake kufariki mwaka 1979 kwa kukosa fedha za kwenda kupasuliwa moyo Marekani. Kwa hiyo hata India ilikuwa na safari yake ya nje, na daftari lake la michango. Siku hizi pembezoni mwa hospitali kubwa kuna mitaa mizima ya nyumba za kulala wageni zenye jiko la gesi kila chumba, na vibao vya Kibengali kwa ajili ya wagonjwa wa Kolkata na Bangladesh.

Sisi tulipanga katika nyumba ya namna hiyo. Chumba cha chini walikaa ndugu wawili wa Mwanza, mkubwa akiwa na figo zilizokwisha, mdogo akiwa amekuja kumpa moja ya kwake. Walikuwa na albamu ya picha: harusi ya wazazi, ubatizo, mahafali ya darasa la saba, wote wawili wamesimama na sare. Sheria ya India ya mwaka 1994 kuhusu upandikizaji wa viungo inataka mtoaji na mpokeaji wathibitishwe mbele ya kamati, ili figo zisiuzwe, na kwa wageni ubalozi wao nao huhusika. Kila jioni kaka mkubwa alimfanyia mdogo wake mazoezi ya maswali. Mama yenu alizaliwa wapi? Nyumba yenu ina vyumba vingapi? Nani alimfundisha mwenzake kuogelea? Walicheka sana kwenye hilo la mwisho, maana walibishana.

Hospitali yetu, kubwa na ya binafsi, ilimpokea Shangazi kwa siku mbili za vipimo vilivyoleta habari mbili. Kwanza, vali zilizoharibika hazikuwa moja bali mbili: ya kushoto ilihitaji kubadilishwa, ya kulia kushonwa na kukazwa kwa pete. Barua yetu ilitaja moja. Ikabidi Dar es Salaam iandikiwe, nasi tusubiri. Pili, jino. Kwa kawaida vali mpya haiwekwi kabla meno hayajakaguliwa, kwa sababu vijidudu vya jino bovu husafiri na damu na kuweka kambi kwenye vali. Shangazi alikuwa amekwenda India kwa moyo. Kitu cha kwanza kutolewa mwilini mwake kikawa gego la chini. Alilifunga kwenye leso akalirudisha Muheza.

Kungoja huko kulitukutanisha na Pongal, sikukuu ya mavuno ya Watamili ya katikati ya Januari. Alfajiri wanawake wa mtaa walichora maua ya unga wa mchele mbele ya kila mlango, na mwenye nyumba wetu akapika uani chungu kipya cha mchele, choroko, samli na sukari guru. Walisubiri kichemke hadi povu lifurike na kumwagika, ndipo wakapiga kelele za furaha. Chungu kufurika ndiyo baraka yenyewe. Shangazi aliletewa bakuli. Alionja, akatulia, akasema hii ni sukari guru ya bibi yangu kabisa. Akala lote.

Barua ya pili ilikuja jino likiwa limekwisha kupona. Usiku wa kuamkia upasuaji alinipa pete yake, simu, na karatasi aliyoandika kwa mwandiko wa ubaoni: deni la dukani, shilingi elfu kumi na mbili, mbuzi mweusi ni wa mtoto wa jirani, si wetu. Nilimwambia Shangazi, haya ya nini? Akasema, "Andika mapema, baba, usije kufanya wenzako wagombane."

Walimchukua saa kumi na mbili asubuhi. Daktari alikuwa amenichorea kazi yenyewe nyuma ya fomu: nusukaputi, mfupa wa kidari kupasuliwa katikati, damu kugeuziwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, moyo kusimamishwa, vali kukatwa na mpya kushonwa, moyo kuwashwa tena, mfupa kufungwa kwa nyaya. Alichora moyo kama embe dodo. Nilikaa kwenye benchi pamoja na mume wa mgonjwa mwingine, mkulima wa mpunga kutoka vijijini, ambaye mkewe alitibiwa kwa bima ya serikali ya jimbo iliyoanzishwa Januari 2012. Hatukuwa na lugha moja. Alinionyesha kadi yake, nikamwonyesha barua yangu. Sote wawili tulikuwa wageni wa hazina za serikali ndani ya hospitali ya matajiri. Alinigawia ndizi. Saa nane na nusu mchana wakaniita.

Siku ya pili baada ya upasuaji ndipo ulipotokea mkasa ambao Muheza husimuliwa mpaka leo. Muuguzi wa usiku, binti mwenye maua ya asumini nywelini, aliinama akamuuliza, *"Vali irukka, amma?"* Shangazi, nusu yu macho, alilisikia neno moja tu, tena neno alilolizoea kwa miezi. Vali? Akatikisa kichwa kwa fahari: ndiyo, ipo, mpya. Muuguzi akaondoka, akarudi na sindano. Baada ya saa chache swali lilelile, jibu lilelile, sindano nyingine. Asubuhi nilimkuta analala kama mtoto aliyenyonya, na jedwali la dawa likionyesha kwamba *amma* wa kitanda cha sita ana maumivu makali usiku kucha. Daktari wa zamu ndiye aliyetufumbulia, akicheka hadi akashika ukuta. Kwa Kitamili, *vali* ni maumivu.

Tangu hapo aliitwa Vali Amma wodi nzima.

Mazoezi yalikuwa magumu kuliko kisu. Alipewa kifaa cha plastiki chenye mipira mitatu, avute pumzi mpaka mipira ipande. Siku ya kwanza haukupanda hata mmoja. Akikohoa alikumbatia mto kifuani ili mshono usitikisike. Siku ya tano mpira wa pili ulipanda, na mwalimu yule wa darasa la tano akaanza kujipa alama. Siku ya saba alilala chali. Mto mmoja. Nilimpiga picha akiwa usingizini na kuituma kwa baba yangu, na baba, ambaye hapigi simu nje ya nchi, akapiga.

Tuliporudi nyumba ya wageni, usiku wa kwanza niliamka nikitafuta saa. Ilikuwa inagonga chumbani, tik, tik, tik, na ukutani hakukuwa na saa. Mlio ulitoka kitandani kwa Shangazi. Vali aliyowekewa ilikuwa ya kaboni, yenye vibawa viwili vinavyofunguka na kujifunga kila pigo la moyo. India huunda pia vali yake yenyewe, ya Chitra, iliyobuniwa katika taasisi ya Sree Chitra Tirunal kule Kerala na kuwekwa kwa mgonjwa wa kwanza Desemba 1990. Kisahani chake ni cha plastiki ngumu, mlio wake ni wa chini, na bei yake imewafikia wengi. Ya Shangazi ilisikika. Alikuwa macho, anaisikiliza. "Inafanya kazi," alisema.

Ugali tulisonga kwa semolina, maana unga wa sembe hatukuuona. Mboga ndizo zilizokuwa na masharti: siku ya kuruhusiwa mtaalamu wa lishe alikuwa amekaa naye saa nzima juu yake. Vali ya kaboni huvutia damu kuganda juu yake, kwa hiyo mgonjwa hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarini, kila siku hadi mwisho wa maisha. Dawa hiyo haipatani na vitamini K iliyojaa kwenye majani ya kijani. Akila majani mengi ghafla, dawa huzidiwa nguvu. Akiacha ghafla, dawa huzidi na damu hutoka. Uwiano wa vitu hivyo viwili huangaliwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR, ambacho kwake kilitakiwa kiwe kati ya 2.5 na 3.5. Mtaalamu aliujua mchicha, unauzwa Chennai kwa mafungu. Shangazi akauliza kuhusu kisamvu. Ilibidi nichore muhogo. Yule mama, mzaliwa wa Kerala, alishangaa: muhogo wao hula sana, lakini majani? Akapekua jedwali lake mara mbili, halimo. Mwishowe akaandika kwa mkono: kisamvu, kiasi kilekile kila wiki, usiongeze.

Tulirejea mwishoni mwa Februari. Ngoma ilipigwa kituo cha basi. Wiki iliyofuata tulikwenda hospitali moja ya wilaya na barua yetu ya Chennai, na pale hapakuwa na kipimo cha INR. Mhudumu alituomba tumtamkie tena. Miaka miwili iliyofuata Shangazi alipanda basi kwenda Dar es Salaam kila mwezi kutolewa damu kidogo mkononi. Mwezi mmoja nauli haikupatikana, akakadiria dozi mwenyewe, na fizi zikatoka damu siku tatu. Nchi ilikuwa imemlipia kisu, ndege na vali ya kaboni. Kilichokaribia kumwua kilikuwa umbali wa kipimo.

Septemba 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianza rasmi ndani ya uwanja uleule wa Muhimbili, katika jengo lililojengwa kwa msaada wa China, na upasuaji kama wa Shangazi ukawa kazi ya kila wiki pale Upanga. Novemba 2017 Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza, ikishirikiana na madaktari kutoka New Delhi. Ndugu wawili wa leo kutoka Mwanza wanaweza kuhojiwa kwa Kiswahili. Wagonjwa kutoka Comoro sasa huja Dar es Salaam na bahasha zao mapajani, na kuna msindikizaji wa Kikomoro anayetafuta chumba chenye jiko. Sehemu ya hesabu iliyochochea mabadiliko hayo ilikuwa ya fedha: ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ziliwahi kutaja madeni ya mabilioni ya shilingi kwa hospitali za India.

Shangazi amestaafu. Vali bado inagonga, na wajukuu hulala wakiwa wameweka sikio mgongoni kwake. Mwaka jana mmoja wao, wa miaka saba, alirudi shuleni akilalamika koo, na mama yake akataka kumpa maji ya moto na ndimu. Shangazi hakumsikiliza mtu. Alimbeba hadi zahanati, akasimama mlangoni mpaka mganga akamtazama mtoto koo kwa tochi, akaandika penisilini. Alihesabu vidonge kila siku mpaka vilipokwisha, ingawa koo lilikuwa limepona siku ya tatu. Nawe msomaji, mtoto wako akiumwa koo na homa, mpeleke akaangaliwe, na akiandikiwa dawa, mhesabie mpaka kidonge cha mwisho.